MASHINI IOSHE, LAKINI MTU ATIE SAHIHI



Tangu mwezi uliopita kuko mabishano makali kati ya wanafunzi wa mekaniki na wale wa pedagojia, sana sana saa ya mapumziko. Neno lenyewe ni hili: leo, katika viwanda vikubwa vya ng'ambo, mashini zimeingia katika kazi ya kutafuta nyufa juu ya vyuma. Zinachovya chuma, zinakiosha, zinakipiga picha, na zingine zinasema zenyewe: hiki ni kizima, hiki kina ufa. Basi wenzetu wengine wanauliza: sisi tunajifunza kontrole ya nini tena? Wengine wanajibu kwa hasira kama mashini ni mwizi wa kazi ya watu, heri isiletwe kabisa.

Sisi tuliopewa mzigo wa ukapita mwaka huu tumesikiliza pande zote mbili. Tunaona kama kila upande una haki kidogo, lakini zote mbili zinabishana juu ya jicho na kusahau mikono. Ndiyo maana tunaomba nafasi katika gazeti letu hili. Mwenye mawazo mengine aandike naye. Sanduku la barua za gazeti liko pale pale karibu na mlango wa maktaba.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe, maana wengi wanaisema bila kuijua.

Chuma nacho kinachoka. Kamata waya, uikunje na kuikunjua mara nyingi: mwisho itakatika, ingawa hata mara moja haukuivuta kwa nguvu. Ndivyo iko kwa aksi ya lori, kwa gurudumu la gari la moshi, na kwa kila chuma chenye kuzunguka ndani ya moteri ya ndege. Ufa unaanza pahali padogo. Kila safari inauongeza kidogo, mpaka siku moja chuma kinapasuka ghafula. Ule ufa wa mwanzo hauonekani kwa macho matupu. Upana wake unaweza kuwa chini ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa kichwa unaupita kwa unene mara makumi.

Namna ya kuuonyesha ni ya zamani. Watu wa reli wa karne ya 19 walikuwa wakipaka mafuta juu ya chuma, wanangoja, wanapangusa, halafu wanapaka chokaa nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yalikuwa yakitoka tena na kuchora mstari juu ya weupe wa chokaa. Wafaransa wanaita kazi hii resuwaje, ni kusema kutoka jasho, na jina hilo linafaa: chuma kinatoka jasho pale kinapougua. Nguvu yenye kuingiza mafuta ndani ya ufa ni ile tuliyosoma katika fizike, kapilarite, ile ile yenye kupandisha petroli katika utambi wa taa. Katika miaka ya 1940 ndugu wawili wa Marekani, Robert na Joseph Switzer, waliitengeneza kazi hiyo upya kwa kutia rangi yenye kuwaka chini ya mwanga wa ultraviole.

Leo kazi inafwata mstari huu. Wanasafisha chuma kabisa na kukikausha. Wanakichovya katika maji ya rangi yanayoitwa penetranti, ao wanakipulizia, wanangoja dakika 10 mpaka 30. Wanaosha penetranti iliyobaki juu, bila kuiondoa ile iliyoingia ndani ya ufa. Wanakausha katika tanuru, kwa moto usiopita digri 71 hivi, maana moto ukizidi unaharibu ile rangi. Wanapaka unga mweupe, unaoitwa revelatere, wenye kuvuta penetranti kutoka ndani. Mwisho mtu anaingia chumba cha giza, anangoja macho yake yazoee, anaangalia chuma chini ya taa ya ultraviole. Ufa unaonekana sawa mstari wa kijani wenye kuwaka.

Hesabuni wenyewe. Kusafisha, kuchovya, kungoja, kuosha, kukausha, kupaka unga, kuangalia: kazi saba, na moja tu ni ya jicho. Sita zingine ni za mikono na za saa ya ukutani. Na kama moja katika zile sita imeharibika, jicho linaangalia bure. Mtu anaweza kuwa na macho ya tai, lakini ikiwa penetranti haikuingia ndani ya ufa, pale hakuna kitu cha kuonekana.

Sasa tuwaeleze mambo mawili yaliyotokea kweli, maana mabishano bila mifano ni kelele tu.

Jambo la kwanza ni la tarehe 19 julai 1989. Ndege ya aina ya DC-10 ya kompani United Airlines, safari namba 232, ilitoka Denver kwenda Chicago, ndani yake watu 296. Ilipokuwa juu, diski kubwa ya feni katika moteri ya mkia ilipasuka. Vipande viliruka na kukata mabomba yote ya idroliki, zile njia tatu zenye kuongoza mabawa na mkia. Kapiteni Alfred Haynes na wenzake waliiongoza ndege kwa kuongeza na kupunguza nguvu za moteri mbili zilizobaki, kwa muda wa dakika 44 hivi, mpaka uwanja wa Sioux City, katika jimbo la Iowa. Ndege ilianguka juu ya uwanja na kushika moto. Watu 112 walikufa, 184 walipona.

Diski ile ilikuwa ya titani, upana wake sentimita 80 hivi. Tangu siku ya kuyeyushwa ilikuwa na alama mbaya ndani yake, na pale ndipo ufa ulipoanzia. Katika miaka 17 ya kazi ilipita mara sita mbele ya watu wa kontrole, kwa njia hii hii ya penetranti. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1988, safari 760 mbele ya ajali. Wachunguzi walihesabu kama siku ile ufa ulikuwa umefika karibu milimita 12 juu ya uso wa chuma. Milimita 12! Ni zaidi ya upana wa ukucha wa kidole kidogo. Na mtu aliangalia, akaandika kama diski ni nzima.

Kwa nini? Ripoti ya mwaka 1990 ya ofisi ya Marekani yenye kuchunguza ajali haikumwita yule mtu mvivu. Ilisema kama diski ilikuwa ikining'inizwa kwa kamba iliyopita katika tundu lake la katikati, na ufa ulikuwa ndani ya tundu lile lile. Kama mtu hakuizungusha diski vizuri, sehemu iliyofichwa na kamba haikutengenezwa wala kuonekana sawa inavyopaswa. Tena inawezekana unga ulidondoka kutoka kwa kamba na kufunika alama. Tena, watu wa kontrole walikuwa wamezoea kuona nyufa pahali pengine pa diski, si pale. Mtu hatafuti kwa bidii pahali ambapo hajawahi kupata.

Jambo la pili ni la tarehe 6 julai 1996, kule Pensacola, katika jimbo la Florida. Ndege ya aina ya MD-88 ya kompani Delta, safari namba 1288, ilikuwa ikikimbia juu ya uwanja ili iruke. Chuma cha katikati cha feni ya moteri ya kushoto kilipasuka, vipande vikaingia pahali pa abiria. Rubani alisimamisha ndege, lakini mama mmoja na mtoto wake walikwisha kufa. Ufa ulianzia ndani ya tundu lililochimbwa vibaya siku chuma kilipotengenezwa. Mwezi wa oktoba 1995 chuma kile kilipita katika kontrole ya penetranti, na ufa ulikuwa mkubwa wa kutosha kuonekana. Haukuonekana. Ripoti ya mwaka 1998 ilihangaikia tena mambo ya mikono: je, tundu lilikauka kabisa mbele ya kutiwa penetranti? Je, unga ulifika mpaka ndani ya tundu refu lile? Ilihangaikia tena moyo wa mtu: mwenye kuangalia vyuma siku nyingi bila kuona ufa, hatazamii tena kuuona.

Haya, turudi kwa mabishano yetu.

Wenzetu wa upande wa mashini watasema: «Mnaona? Jicho la mtu limekosa mara mbili, watu wamekufa. Leteni kamera.» Sisi tunajibu: ngojeni kidogo. Ikiwa tundu lina maji ndani, penetranti haiingii, na kamera nayo itaona giza tu na kusema chuma ni kizima. Ikiwa kamba inafunika ufa, kamera nayo inafunikwa. Kuweka jicho la mashini mwisho wa kazi iliyofanywa vibaya ni sawa na kununua mizani mpya ya kupimia unga uliokwisha kumwagika.

Kwa hiyo neno letu la kwanza ni hili: mashini ianze na mikono. Na huko tunaikubali kwa mioyo yote. Kungoja dakika 20 kamili kwa kila chuma, asubuhi na usiku, mwezi wote, si kazi inayomfaa mtu. Mtu anaitwa na mwenzake, anasahau, ao chefu anamharakisha juu lori liko linangoja. Mashini haiitwi. Maji ya kuoshea yakitoka kwa nguvu nyingi yanaondoa penetranti hata ndani ya ufa. Yakitoka kidogo, chuma chote kinabaki kuwaka na hakuna alama inayosomeka. Mkono wa mtu unaosha kwa nguvu hii leo na nguvu nyingine kesho. Roboti inaosha sawa sawa kila mara. Inaweza tena kukizungusha chuma bila kukificha kwa kamba, na kupulizia unga kwa nguvu ya umeme ili ushike pande zote. Viwanda vingi vimekwisha kufanya hivi tangu miaka mingi, na ni jambo jema.

Lakini hata huko tusilale. Mtu akikosa, anakosa juu ya chuma kimoja, cha pili anakifanya vizuri. Mashini ikikosa, inakosa juu ya vyuma vyote, bila kujua na bila haya. Mdomo mmoja wa kupulizia ukiziba usiku, vyuma mia vitapita bila penetranti upande mmoja. Ndiyo maana wenye kazi hii wana desturi nzuri: wana kibao cha chuma chenye nyufa tano zinazojulikana, kubwa mpaka ndogo sana, na kila siku, mbele ya kuanza, kinapitishwa katika mstari wote sawa chuma kingine. Kama zile nyufa hazikuonekana sawa zilivyozoea kuonekana, kazi inasimama. Nani anaamua kusimamisha? Mtu.

Sasa tufike kwa jicho lenyewe.

Hapa tunapashwa kusema kweli: jicho la mashini lina nguvu ambazo sisi hatuna. Sheria za kazi hii zinajua udhaifu wa jicho la mtu. Zinaomba chumba kiwe giza, mwanga wa kawaida usipite lukse 20. Zinamwomba mtu angoje angalau dakika moja mbele ya kuanza, ili macho yazoee. Zinamkataza kuvaa miwani yenye kugeuka nyeusi chini ya mwanga. Zinaomba macho yake yapimwe kila mwaka. Yote hayo ni juu mtu ni mtu. Kapita anayehesabu vitanda usiku wote wa mwaka, na kila usiku hesabu inatimia, anajua namna gani jicho linavyoanza kuona kile linachongojea pahali pa kile kilicho mbele yake. Kamera haingojei kitu. Saa tisa ya usiku inaangalia sawa saa mbili ya asubuhi.

Kuko faida nyingine, nasi tunaiona kuwa kubwa kuzipita zote: kamera inaacha picha. Kule Sioux City hakuna aliyeweza kurudi nyuma na kuona kile yule mtu alichokiona mwaka 1988. Kilichobaki ni karatasi yenye kusema «nzima». Kama picha ingelikuwapo, mwingine angeliweza kuitazama tena mbele ya ajali, ao nyuma yake kujifunza.

Je, kwa hiyo tumfukuze mtu kutoka chumba cha giza? Hapana. Na sababu yetu si ile ya «mashini haina roho», maana ufa haujali roho. Sababu zetu ni mbili.

Ya kwanza: ordinatere yenye kusoma picha inajifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi, sawa mtoto wa mwaka wa kwanza anavyojifunza herufi. Inaonyeshwa picha elfu na elfu: huu ni ufa, huu ni uzi wa nguo, hii ni alama ya kidole, hii ni penetranti iliyobaki kwa kuosha vibaya. Vitu hivi vyote vinawaka chini ya ile taa. Lakini katika kiwanda kizuri nyufa za kweli ni chache sana, na ile mbaya kuzipita zote ndiyo ile isiyowahi kutokea. Mtafundisha mashini kwa mfano gani, ikiwa mfano haupo? Watu wanajaribu kutengeneza nyufa za makusudi ili kuifundisha, na wanafanya vema. Lakini ufa wa makusudi na ufa wa miaka 17 ya safari si ndugu wa tumbo moja. Fundi mzee, akiona alama asiyoijua, anaweza kupangusa pale pahali kwa brashi yenye dawa kidogo, kupaka unga tena na kungoja: kama alama inarudi, ni ufa, kama hairudi, ilikuwa uchafu. Jambo lisilojulikana linamsimamisha. Ile mashini, ikiwa haikufundishwa kusimama, inapita.

Ya pili ndiyo nzito. Mashini haiamui yenyewe alama ya namna gani ni ufa. Kuko mpaka uliowekwa ndani yake: alama yenye kuwaka kupita kadiri hii, ndefu kupita kadiri hii, chuma kikataliwe. Ukiweka mpaka chini, mashini italia kwa kila uzi wa nguo, vyuma vitarundikana, na wafanyakazi watachoka na kelele mpaka wataanza kubonyeza «ndiyo, pita» bila kuangalia. Ukiuweka juu, vyuma vitapita mbio mbio, chefu atafurahi, na siku moja ufa utapita pamoja navyo. Sasa tunauliza: nani anaweka mpaka ule? Ni mtu. Kwa hiyo, wapenzi, wale wenye kusema mashini imeondoa hukumu ya mtu wanajidanganya. Imeihamisha tu, kutoka chumba cha giza mpaka ofisi. Katika chumba cha giza mtu alikuwa akitia sahihi yake juu ya karatasi ya kila chuma. Katika ofisi, yule aliyeinua mpaka kidogo ili kazi iende mbio, sahihi yake iko wapi?

Hili ndilo linalotuogopesha. Mashini yenye kukosa inaweza kutengenezwa. Lakini kazi ambamo kila mtu anaweza kusema «si mimi, ni mashini» haitengenezeki, maana hakuna wa kuulizwa.

Kwa hiyo, hukumu yetu iko hivi. Kazi za mikono zipewe mashini pahali popote pawezekanapo, na kibao cha nyufa tano kipitishwe kila siku. Kwa vyuma ambavyo kupasuka kwao kunaua watu, kamera iangalie na mtu aangalie, kila mmoja peke yake, mtu asiambiwe kwanza mashini imesema nini. Maana ukimwambia mbele, hataangalia tena, atafwata tu. Wasiposikilizana, chuma kisitoke. Na mwisho, majina mawili yaandikwe: la mtu aliyeangalia, na la mtu aliyeweka mpaka ndani ya mashini.

Kwa wenzetu wenye kulilia kazi ya watu, hatuwacheki. Ni kweli, pahali watu wanane walikuwa wakichovya na kuosha, mashini inaweza kubakiza wawili. Hatuna haki ya kufunika jambo hilo kwa maneno matamu. Lakini tuwaulize: ni kazi gani mnataka kulinda? Ile ya kusimama mbele ya pipa la penetranti, mikono inakauka na kupasuka ngozi? Tulinde ile ya kuangalia, ya kuamua, na ya kusimamisha mstari wakati chefu ana haraka. Hiyo ndiyo inayomfaa mtu aliyesoma, na hiyo inaomba masomo mengi kuliko kuosha.

Wengine watasema: «Kapita, haya yote ni ya Marekani, yanatuhusu nini sisi?» Yanatuhusu. Kobalti, ambayo nchi yetu inaitoa kuzipita nchi zote za dunia, ni moja kati ya vyuma vinavyochanganywa kutengeneza sehemu za moteri za ndege zenye kuvumilia moto mkali. Jiwe linatoka katika udongo wa Kolwezi na Likasi. Heri nasi tujue namna gani chuma kinavyohukumiwa. Tena kazi hii haiombi roboti ili ianze. Kuko ile ya makopo matatu ya kupulizia: moja la kusafishia, moja la penetranti nyekundu, moja la unga mweupe. Inafanyika katika mwanga wa mchana, bila chumba cha giza, bila umeme. Mafundi wenye kuunga vyuma kwa moto wanaitumia kuangalia kama kiungo kina ufa. Kwa daraja, kwa tanki la maji, kwa aksi ya lori lenye kubeba watu 50 juu ya mizigo katika barabara zetu, ufa ni ufa.

Kwa hiyo tunatoa ombi kwa Bwana Prefe na kwa mwalimu wa atelye. Nyuma ya atelye yetu kuna aksi za zamani na vyuma vingine vilivyoachwa. Tupewe alasiri moja ya juma, mbele ya Egzame ya Leta, tufanye ile kazi ya watu wa reli: petroli, kitambaa, chaki iliyosagwa. Haitagharimu kitu kikubwa. Wanafunzi wa mekaniki wafanye kazi za mikono, wale wa pedagojia waangalie bila kuambiwa mbele ni chuma gani kina ufa, kisha wabadilishane. Tutaona nani ana macho, na zaidi tutaona ni mara ngapi jicho limekosa kwa sababu mkono ulipangusa vibaya.

Tena tunaomba liwekwe daftari moja, na kila mwenye kuangalia aandike jina lake kwa wino pembeni ya neno «kizima» ao «kina ufa». Wenzetu watacheka, watasema ni chuma cha zamani tu, hakitaua mtu. Ni kweli. Lakini mwenye kuzoea kuandika «kizima» bila jina juu ya chuma cha kuchezea, ataandika vile vile siku ile ambapo watu wamekwisha kupanda.

Kapita mkuu wa wanafunzi,
mwaka wa sita mekaniki